Mjomba Yupo?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mwenye miwani na sauti iliyozoea kuita majina ya wanafunzi, aliingia mgahawani mchana mmoja kumtafuta mjomba wake. Walikuwa wamepatana wakutane hapo, kisha waende pamoja hospitali kumtazama mgonjwa wao. Aliangaza meza zote asimwone. Basi akamsimamisha mhudumu aliyekuwa akipita na sinia, akamwuliza kwa sauti ya chini, maana alikuwa mtu wa adabu zake, kama mjomba yupo.

"Yupo," mhudumu akajibu, naye akainama kidogo. "Nikuletee wa mchuzi au wa kukaanga?"

Mwalimu alisukuma miwani yake juu. Alimtazama yule mtu kuanzia viatu hadi kofia, kisha akaenda moja kwa moja kaunta kushtaki. Alisema amemwulizia mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na mama yake mzazi, na mhudumu wao anataka kujua atamla vipi.

Pale kaunta alikuwa amekaa mke wa mwenye mgahawa, ambaye wateja walimwita Mama Kaunta kwa sababu tangu mgahawa ufunguliwe hawakuwahi kumwona amekaa mahali pengine. Alicheka hadi akashika mbavu. Aliomba radhi, akamfungulia mwalimu soda ya bure, na kabla soda haijafika nusu mjomba mwenyewe akaingia, mzee mwembamba mwenye mkoba, mzima wa afya, hajakaangwa wala hajatiwa mchuzi. Meza za jirani nazo zikaangua kicheko.

Waliokuwa hawacheki ni wawili. Mmoja ni yule mhudumu, mtu wa makamo aliyeitwa Spidi kwa kejeli, kwa kuwa ukimwagiza chai ilifika wakati umeshasahau kwamba ulikuwa na kiu. Wa pili ni mume wa Mama Kaunta, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni na upawa mkononi. Watu walimwita Chumvi, kwa ile tabia yake ya kuonja kila sufuria na kutoa hukumu moja tu: chumvi. Siku hiyo uso wake ulikuwa umepauka. Alimwita Spidi kwa kidole, wakaingia jikoni, mlango ukafungwa.

Mlango wa jikoni haukuwa na desturi ya kufungwa mchana. Mama Kaunta alipouona umefungwa, kicheko kikamkauka mdomoni.

Neno lile hakuwa amelisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kwa muda sasa walikuwa wakija watu wenye magari mazuri na mashati ya kunyooshwa, hawatazami ubao wa vyakula, wanamsogelea Spidi sikioni na kuuliza, mjomba yupo? Spidi akisema yupo, wanaongozwa hadi chumba cha ndani, kilichokuwa stoo ya viti vibovu kabla Chumvi hajakipaka rangi na kukitundikia pazia zito. Spidi akisema mjomba kasafiri, wanageuka na kuondoka, hata soda hawanywi. Mama Kaunta alidhani mjomba ni jina la utani la mumewe, na alikuwa amelipenda kidogo. Mume mwenye wapwa wengi wenye magari si jambo la kulalamikia.

Sasa akaanza kuunganisha, na mwanamke akianza kuunganisha, uzi haumwishii. Ile friza mpya iliyowekwa nyuma ya magunia ya viazi, kwa nini ilikuwa na kufuli, na ufunguo wake kwa nini ulining'inia kiunoni mwa Chumvi hata akiwa bafuni? Siki ilikuwa ikiisha upesi kuliko mafuta. Kitunguu saumu kilimenywa beseni zima, ilhali wali na maharage ya mbele havikunukia saumu. Na mifupa je? Mifupa ya kuku na ya mbuzi ilitupwa kwenye pipa la mtaani kama siku zote, lakini mifupa ya chumba cha ndani Chumvi aliifunga mwenyewe kwenye mfuko mweusi, akaitia kwenye buti la gari. Mtu gani anasafiri na mifupa?

Siku moja alikuta sinki la nyuma limeziba. Hakumwita Spidi, maana sinki lingengoja hadi mwezi uandame. Aliingiza kidole mwenyewe kwenye tundu akatoa fundo la nywele. Zilikuwa fupi, ngumu, za rangi ya majani makavu, na nchani nyeusi. Alizisugua kati ya vidole akijiambia ni za mbuzi. Lakini mbuzi wao walinunuliwa kwa mchinjaji wa jirani, na walifika wameshachunwa. Alizifunga kwenye karatasi, akazitia ndani ya sidiria yake, na siku nzima zilimchoma kama upupu.

Kwa mtu mwingine, nyamapori ingekuwa kosa la kuogopa askari tu. Kwa Mama Kaunta kulikuwa na jambo zito kuliko askari, nalo lilikuwa limekaa meza ya kwanza karibu na mlango wa mbele, linasoma gazeti.

Huyo alikuwa baba yake. Mtaa mzima ulimwita Afande. Maisha yake yote ya kazi alikuwa askari wa wanyamapori, akilala kwenye nyasi na kunywa maji ya madimbwi, hadi siku majangili walipomvizia yeye na mwenzake wa doria. Mwenzake alizikwa. Yeye aliletwa nyumbani na risasi kwenye nyonga, na tangu hapo akatembea kwa fimbo, mguu mmoja ukichora mstari sakafuni. Alipostaafu na mkewe kufariki, binti yake alimleta akae nao. Kila asubuhi Mama Kaunta alimpokea mlangoni, akaegemeza fimbo yake ukutani, akamwekea chai, na alipotaka kuondoka akamletea fimbo ile ile mkononi. Alijivunia kumhudumia. Si kila mtu ana baba ambaye akipita, watu wanasimama.

Na alikuwa amemlea kwa sauti ya amri. Watoto wengine walifundishwa nyimbo, yeye alifundishwa namba ya simu ya kituo cha wanyamapori. Baba yake alimsimamisha mbele ya kabati na kumwambia aitaje mbele na nyuma, mpaka hata akiamshwa usingizini aliitaja. Akamwambia jangili hana ndugu. Akiwa mumeo, akiwa mwanao, piga simu kwanza, ulie baadaye. Mtoto wa miaka ile hana mume wala mwana, lakini maneno yaliingia yakakaa.

Sasa mume alikuwepo, na hicho ndicho kilichomtesa. Baba yake akijua kwamba chai anayokunywa inachemshwa ukuta mmoja na nyama iliyompa kilema, atakufa kwa aibu kabla ya maradhi. Na wale wenye magari walikuwa wakipita mbele ya meza yake, wengine wakimwinamia na kumsalimu kwa heshima, yeye akitikisa kichwa bila kuondoa macho kwenye gazeti. Mmoja wao, mtu mnene wa kofia ya majani, aliwahi kuwa mkubwa wake kazini. Mama Kaunta aliwaona wakimsalimu. Alijisemea kwamba mzee wa watu anaheshimiwa na watu wanaokwenda kumtafunia heshima yake nyuma ya pazia.

Kwanza alimjaribu mumewe kwa utani, maana utani ni mlango mdogo. Walikuwa chumbani, Chumvi akivua viatu. Alimwuliza mtu asiye na dada hata mmoja ujomba ameupata wapi. Na kweli, Chumvi alizaliwa na kaka watupu, nyumba nzima ya madume. Hapakuwa na mtoto chini ya jua mwenye haki ya kumwita mjomba. Chumvi alicheka kicheko kisichofika machoni, akasema ni maneno ya wateja, wateja hawaishi vituko.

Basi akauacha utani. Alifungua kile kikaratasi akaziweka nywele kitandani.

Chumvi alizitazama. Hakukana, na hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko kama angekana. Alikaa, akashika kichwa, akasema polepole:

"Mama, nakuomba. Yote niulize, hili usiniulize. Nikikujibu nitakuwa nimekuvunjia heshima."

"Heshima ipi iliyobaki, baba watoto?"

Chumvi akainuka. Alizima taa, na wote wawili walilala macho wazi, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake kwa mashaka. Kabla ya siku hiyo hawakuwahi kulala wamepeana migongo, na migongo ile ilimwuma Mama Kaunta kuliko zile nywele.

Kesho yake alimbana Spidi kwenye kona ya masufuria. Alimwuliza nani alitunga neno lile. Spidi aliapa kwa mama yake kwamba si yeye.

"Neno lilikuja na mzigo, mama," alisema. "Mimi nimelipokea tu."

Mama Kaunta aliona anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Neno gani linakuja na mzigo? Lakini angalau alipata kitu, kwamba kuna mzigo na una mletaji wake, na kwa kumtisha kidogo kwamba atamnyima zamu za mchana alijua pia siku yake, na kwamba unakuja mlango wa nyuma, asubuhi, kabla wateja wa chai hawajajaa.

Akaenda kwa baba yake. Alifika mezani kwake saa ambayo mgahawa una nzi tu, akakaa kiti cha pembeni kama alivyokuwa akikaa akiwa binti mdogo. Hakutaka kusema yote. Alizunguka mbuyu, akasema kuna nyama inaliwa chumba cha ndani, na haielewi, na mumewe hataki kuulizwa. Alitegemea mzee aweke gazeti chini. Alitegemea ile sauti ya mbele ya kabati.

Afande alifungua ukurasa mwingine. "Ukimchunguza sana kuku, hutamla," akasema. "Rudi kaunta, mwanangu. Mumeo ni mtu mwema."

Mama Kaunta alirudi kaunta akiwa ameduwaa. Alijiambia mzee hakuelewa. Baadaye akajiambia mzee ameelewa, ila anamhurumia bintiye asivunje nyumba, na ameamua kumeza fundo lake kimya kimya. Wazo hilo la pili lilimliza. Alilia akiwa ameshika kitambaa cha kufutia meza, na mteja mmoja alipomwuliza kulikoni, akasingizia vitunguu.

Kuanzia hapo alimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Alimhesabia hatua kutoka sufuria hadi friza. Chumvi akicheka simuni, alisikia jangili. Akinyamaza, alisikia jangili anayewaza. Siku moja Chumvi alimletea zawadi ya kitambaa cha kichwa, yeye akakipokea kwa vidole viwili. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, naye akamalizia mwenyewe kwamba kingine kinakununulia hizo nguo.

Kilichomsukuma hatimaye kilikuwa kitu kidogo. Mtoto wao wa mwisho alirudi kutoka shule akiimba, mjomba yupo, mjomba yupo, wimbo wa kurukia kamba. Alipoulizwa kautoa wapi, alisema watoto wote wanauimba, ni jina la nyama ya baba. Ikiwa watoto wanajua, mji mzima unajua. Na ikiwa mji unajua, siku ya kukamatwa iko njiani, na askari watakapovunja mlango watamkuta Afande kwenye meza ya kwanza na watamwandika pamoja na wengine. Jina ambalo mzee alilinunua kwa nyonga yake litatupwa kwenye pipa la mtaani pamoja na mifupa ya kuku. Hapana, alisema. Bora aanguke mmoja.

Alijifungia chooni na simu. Namba ilikuja yenyewe, mbele bila kukosea. Alidhani imekufa miaka mingi. Ikaita. Sauti ya kiume ikapokea, na Mama Kaunta, akitaka aaminiwe, alisema yeye ni binti wa Afande fulani wa zamani. Yule mtu akabadilika sauti papo hapo kwa adabu. Mama Kaunta akamweleza habari za mgahawa, mlango wa nyuma, asubuhi ya siku ambayo Spidi alisema mzigo huwa unafika. Alipokata simu hakulia. Baba yake alisema piga kwanza, na kulia kulikuwa zamu yake baadaye.

Asubuhi ile ilikuwa asubuhi kama nyingine, na ubaya wake ndio huo. Muuza mkate alileta mkate. Bomba la nyuma lilidondosha maji. Afande alifika akichora mstari wake sakafuni, fimbo ikaegemezwa ukutani, chai ikawekwa. Mama Kaunta alimsikia mumewe jikoni akiimba wimbo wa zamani kwa sauti mbovu, wimbo aliomwimbia walipokuwa hawana hata kijiko. Huyu ndiye aliyemlaza hospitali mama yake Mama Kaunta, akamwogesha kwa mikono yake wakati ndugu wa damu walikuwa na udhuru. Huyu ndiye aliyesema baba yako asikae peke yake, mlete. Anamtiaje mtu huyu mikononi mwa askari kama anayetupa taka?

Akaacha kaunta. Kwa mara ya kwanza wateja waliona kiti chake kitupu. Aliingia jikoni akiwa ameamua kumwambia akimbie, atoke kwa dirisha, aende popote. Chumvi alikuwa amezamisha mikono kwenye unga hadi viwiko. Aliinua macho, akamwona mkewe, akaona uso wake, wimbo ukakatika.

Kabla hajafungua mdomo, mlango wa nyuma ukagongwa.

Spidi alikuwa mbele na chai ya watu. Mikono ya Chumvi ilikuwa na unga. Mama Kaunta ndiye aliyefungua.

Alitarajia jangili. Miaka yote alimwona jangili kichwani mwake, mwenye kovu na macho mekundu. Mlangoni alisimama mwanamume wa kawaida, shati limefifia, kasha la barafu miguuni, anafuta jasho kwa kiganja. Akatabasamu, na kati ya meno yake ya mbele palikuwa na mwanya. Mama Kaunta aliujua mwanya ule. Aliuona kwa shangazi yake, dada wa pekee wa baba yake, aliyeolewa mbali kule pori linakoanzia.

"Hujambo dada," mtu yule akasema. "Mjomba yupo?"

"Mjomba yupi?"

Akashangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa jua ni lipi. "Mjomba wangu. Afande."

Neno lilikuja na mzigo. Spidi hakudanganya, alikuwa amemsikia mtu akimwulizia kaka wa mama yake mlango wa nyuma, kila mara kabla ya kupakua, akadhani ndilo neno la siri la biashara, akawafundisha wateja. Mji mzima ulikuwa ukimla mjomba wa mtu bila kujua. Na yeye binti wa nyumba, aliyejua kwamba mumewe hana dada, hakujiuliza hata siku moja ni nani humo ndani aliye na dada.

Aligeuka. Chumvi alikuwa amefumba macho, unga ukimdondoka vidoleni.

"Ulijua," akamwambia.

"Ndiye aliyeniambia nipokee," Chumvi akasema. "Ni mkwe wangu. Ningemwambia nini? Na wewe ningekwambiaje, kwamba baba yako..."

Gari likasimama nje ya mlango wa nyuma, na jingine, kwa sauti ya breki zake, mbele.

Mambo yakaenda upesi. Vijana wa kituo waliingia bila kupiga kelele. Mpwa wa Afande aliwekwa ukutani. Kasha likafunguliwa, na juu ya barafu kukaonekana paja refu lenye ngozi, nywele fupi za rangi ya majani makavu, nchani nyeusi. Kiongozi wao, kijana mwenye ndevu changa, alipitia mlango wa mbele, na wote jikoni walisikia kisigino kikigongana na kisigino.

"Shikamoo Afande. Tumepata taarifa yako kupitia kwa binti. Tunakushukuru, mzee. Wachache sana wangethubutu, tena nyumba ya mkwe."

Gazeti likakunjwa. Kisha mguu ukachora mstari sakafuni bila sauti ya fimbo, na Afande akatokea kwenye mlango wa jikoni, ameshika fremu kwa mkono mmoja. Alimtazama mpwa wake. Alitazama kasha. Halafu akamtazama binti yake, na Mama Kaunta akaona kwamba ameelewa kila kitu, simu na mpigaji.

Kiongozi aliuliza mzigo ni wa nani. Chumvi alifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kwa kidole, akasema ni wake. Hakumtazama mtu. Akauliza kama anaruhusiwa kuzima jiko kwanza, maana sufuria itaungua.

Yule mletaji akaulizwa anampelekea nani. Akitetemeka akasema anamletea mjomba.

Vijana wakacheka. "Usitufanye watoto," kiongozi akamwambia. "Mjomba ni jina la nyama, hilo hata mtoto wangu anaimba. Mimi nakuuliza mtu."

"Ni mjomba," alirudia, macho yakimtoka, akamtazama mzee mlangoni, akayashusha haraka.

Hakuna aliyemwelewa. Kiongozi akachoka, akatoa pingu, akamsogelea Chumvi, na Chumvi akanyoosha mikono yenye mabaki ya unga.

Mama Kaunta alimngoja baba yake. Neno moja lilitosha. Alimngoja yule mtu wa mbele ya kabati, aliyesema jangili hana ndugu. Afande alitazama sufuria, alitazama dari, alitazama ncha za viatu vyake. Pingu ya kwanza ikalia kwenye kifundo cha mkono wa Chumvi, na mzee akawa bado anavichunguza viatu vyake.

"Anasema kweli," Mama Kaunta akasema.

Kiongozi akageuka. Mama Kaunta alitamani sauti yake itetemeke, ili aweze kuinyamazisha, lakini ilitoka kavu na wazi, sauti ya kaunta.

"Mjomba si nyama. Mjomba ni mtu. Huyu ni mtoto wa shangazi yangu, na mjomba wake yupo."

"Yuko wapi?"

Hakunyoosha kidole. Alimtazama tu, na jiko zima likafuata macho yake. Kijana mwenye ndevu changa alimwona Afande kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, na mkono wake, ambao labda ulitaka kupiga saluti tena, ukaishia hewani.

Afande alipumua. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema na wale vijana kama anayewapa maelekezo ya doria. Maisha yake yote aliwafunga watu wa kule kwao dada yake kwa ajili ya kitoweo cha watoto, na waliotia saini mafaili walikuwa wakila nyama hiyo hiyo vyumba vya ndani. Akasema yule wa kofia ya majani wamtafute, atakuja mchana, huwa anapenda wa mchuzi. Akasema mkwe wake afunguliwe, alipokea kwa heshima tu. Na mpwa wake alitumwa. Waandike jina lake yeye, herufi wanazijua.

Mmoja wa vijana alikuwa akilia, na hakujificha.

Walimfungua Chumvi mkono, wakamwambia atawafuata kwa maelezo. Mzee alitaka kutembea, akayumba, akatafuta kitu kwa mkono. Hakuna aliyejua anachotafuta isipokuwa mmoja. Mama Kaunta alikwenda hadi meza ya kwanza, akaitoa fimbo ukutani, akapita nayo kati ya wateja waliosimama, akamwekea baba yake mkononi kama alivyomwekea kila siku.

Afande aliishika. Alimtazama binti yake bila hasira, na hilo ndilo lililomchana.

"Namba bado unaikumbuka," akasema.

"Mbele na nyuma, baba," akajibu, na hapo ndipo zamu yake ya kulia ilipofika.